Kutoka Kayole Hadi Mji wa Kale wa Mvita

Msomaji kijana, ikiwa umelelewa Kayole kama nilivyolelewa mimi, huenda umepata kusikia watu wakisema, au umepata kusema wewe mwenyewe, kwamba mtaa wetu hauna historia. Maneno hayo niliyasikia kwa mwanafunzi mmoja, mtoto wa jirani yetu, jioni moja tulipokuwa tumesimama Kayole Junction tukingoja matatu zipungue ili tuvuke barabara. Mwalimu wake alikuwa amempa kazi ya kuandika insha juu ya historia ya mahali anapokaa. Aliniuliza, "Kaka, nitaandika nini? Hapa hakuna ngome, hakuna kaburi la mfalme, wala hakuna nyumba iliyo na umri wa kumzidi babu yangu."

Nilitaka kumjibu nikakosa jibu. Nilitazama huku na huku kana kwamba jibu lingetokea katika maghorofa ya mawe ya kijivu, katika nguo zilizoanikwa rosheni baada ya rosheni, au katika vibanda vya mboga vilivyopangwa kando ya njia. Sikuona kitu ambacho vitabu vya historia huwa vinakitaja. Nilimwambia angoje kidogo, kwa kuwa nilikuwa na siku chache za mapumziko mwezi wa Januari, nami nilikusudia kwenda Mombasa. Niliwaza kwamba mtu asiyejua sura ya historia ya mji ni heri aende kwanza kuitazama mahali ambapo hapana mtu anayeitilia shaka, kisha arudi nyumbani na macho yaliyofundishwa. Fuatana nami, msomaji, nikuonyeshe niliyoyaona.

Siku hizi reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, humchukua abiria kutoka Syokimau hadi Miritini kwa muda wa saa tano au sita. Nilipanda gari la moshi la asubuhi, ijapokuwa halitoi tena moshi wa zamani, na nyika ya Tsavo ilipokuwa ikipita dirishani nilikumbuka jambo ambalo watu wa Nairobi tunalisahau upesi. Reli ya kwanza ilianzia Mombasa. Kazi ya kuijenga ilianza huko mwaka 1896, na mwaka 1899 ncha ya chuma ikafika katika tambarare ya majimaji ambayo Wamasai walikuwa wakiiita kwa jina la maji baridi. Hapo palijengwa kituo, karakana na vibanda vya mafundi, na katika vibanda hivyo ndimo ulimozaliwa mji wa Nairobi. Nairobi ulipokuwa bado kinamasi, Mombasa ilikuwa imekwisha kuteketezwa na kujengwa upya mara kadhaa. Basi safari yangu ilikuwa mfano wa safari ya mjukuu anayekwenda kumwamkia bibi yake.

Niliposhuka Miritini joto lilinipokea kama pumzi ya tanuri. Jua la Januari huko Kayole ni kali mchana, lakini jioni mtu hutafuta sweta. Mombasa katika mwezi huo shati hugandamana na mwili tangu alfajiri, na usiku hauleti nafuu kubwa. Mtu wa bara huona taabu tupu, lakini wenyeji huniambia kwamba haya ni majira ya kaskazi, na kaskazi ndiyo iliyoleta neema ya mji wao. Tangu yapata mwezi wa Desemba hadi Machi upepo huvuma kutoka kaskazi-mashariki. Katika zama za matanga upepo huo ulisukuma majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi hadi pwani yetu, yakiwa na nguo, vyombo vya udongo, tende na shanga. Tangu Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, nao ukayarudisha majahazi yakiwa na pembe za ndovu, nta, ambari na boriti za mikoko. Ilitokea pia, na hili tusilifiche, kwamba majahazi mengine yalichukua watu waliouzwa utumwani.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi hakuweza kurudi kwao mpaka kusi ivume. Katika miezi ya kungoja alihitaji chumba cha kulala, chakula, maji, ghala ya mali yake, mahali pa kusali, na mwenyeji wa kumdhamini. Wengine walioa, wakazaa, wakabaki. Hivyo upepo uligeuka kuwa nyumba, na nyumba zikawa mji.

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazama mkono wa bahari unaofanya Bandari ya Kale. Njia yake maarufu huitwa Ndia Kuu. Usidhani kwamba aliyeandika kibao alikosea, kwani katika Kimvita, lahaja ya wenyeji, njia ndiyo ndia. Niliingia katika njia hiyo saa mbili asubuhi, nikakata kuingia vichochoroni, na mara nikahisi kwamba joto limepungua. Kuta za nyumba za zamani ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro ni vyembamba hata nyumba moja huitia kivuli nyenziwe. Upepo wa baharini hupenya katikati yake kama maji katika mfereji. Juu kuna roshani za mbao zenye matundu, ambamo mtu aliye ndani huweza kupata hewa na kutazama njiani bila ya yeye kuonekana. Chini, kando ya milango ya nakshi, kuna baraza za mawe za kukalia. Nilielewa kwamba niliyoyadhania kuwa mapambo ni akili ya watu walioishi na joto kwa karne nyingi.

Baraza hizo zina ushuhuda wa zamani. Mtu mmoja aliyekuwamo katika merikebu za Wareno zilizoishambulia Mombasa mwaka 1505 aliandika kwamba njia za mji zilikuwa nyembamba, na zilizidi kuwa nyembamba kwa sababu nyumba zilikuwa na viti vya mawe mbele yake. Mtu huyo alikuja kupora, lakini bila ya kukusudia ametuachia habari ya baraza. Nilipokuwa nikipita, wazee wawili walikuwa wameketi juu ya baraza mojawapo wakinywa kahawa tungu, nami nikalazimika kupita upande upande kama alivyolazimika askari yule miaka zaidi ya 500 iliyopita.

Nilifika hadi Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka juu, ambao husemekana kuwa ulijengwa mwaka 1570. Karibu yake kuna kisima. Hapo nilimkumbuka Ibn Battuta, msafiri wa Tanja huko Moroko, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 alipokuwa njiani kwenda Kilwa. Alisimulia kwamba watu wa Mombasa walikuwa wacha Mungu, kwamba walikula ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye mlango wake palikuwa na kisima cha maji ya kuoshea miguu. Misikiti ya mbao aliyoiona haiko tena. Lakini mlangoni pa msikiti bado wapo watu wanaotawadha na kuvua viatu, nao wala hawajui kwamba wanafanya jambo lililoandikwa na msafiri wa karne ya 14.

Mji aliouona Ibn Battuta ulikuwa tayari na umri. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi Sicilia, aliutaja katika karne ya 12. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba katika kiwanja cha hospitali kuu ya Pwani katika miaka ya 1970 waliyakuta masalio ya makazi ya karne nyingi kabla ya Wareno. Wenyeji nao wana masimulizi yao. Husema kwamba mji wa kwanza ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mkisi, na kwamba baada yake akaja Shehe Mvita, ambaye ndiye aliyewaachia wenyeji jina la Wamvita. Wengine huliunganisha jina Mvita na neno vita, na ukiisoma historia ya mji huu hutashangaa.

Vasco da Gama alifika mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, akashuku kuwa anategewa mtego, akaenda zake Malindi, ambako alipokewa vizuri. Miaka 7 baadaye Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha aliuteka tena, akaukalia kwa miezi kadhaa, kisha akauchoma. Kila mara wenyeji walikimbilia katika miti na bara, na kila mara walirudi, wakafagia majivu wakajenga.

Katika miaka ya 1580 Wamvita walitafuta rafiki mwenye nguvu. Nahodha mmoja Mturuki, Mir Ali Bey, alikuja kutoka Bahari ya Shamu na kupokewa katika miji kadhaa ya pwani. Mwaka 1589 alikuwa Mombasa merikebu za Wareno kutoka Goa zilipomkuta, na wakati uo huo kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba lilikuwa limesimama upande wa bara. Mji ulishikwa baina ya maadui wawili ukaangamia, na Mir Ali Bey mwenyewe akakamatwa akapelekwa Ureno.

Nataka usimame kidogo hapa, msomaji, utazame mbali. Dola ya Waturuki iliyompa Mir Ali Bey cheo chake ndiyo iliyotawala pia nchi za Balkani katika Ulaya ya kusini-mashariki, na mahali hapo ipo miji ya kale ambayo wasafiri huitembelea wakati wa kiangazi kama nilivyokuwa nikiitembelea Mombasa. Mmoja wao ni Mostar, katika nchi ya Bosnia. Mwaka 1566 mafundi wa Kituruki walikamilisha hapo daraja la mawe la tao moja juu ya mto Neretva. Lilisimama kwa zaidi ya miaka 400. Tarehe 9 Novemba 1993, katika vita vya raia wa nchi hiyo, lilipigwa mizinga likaanguka mtoni. Baada ya vita watu walilijenga tena kwa mfano wa lile la kwanza, likafunguliwa mwaka 2004. Je, daraja la Mostar ni la kale au ni jipya? Liweke swali hilo moyoni, kwa maana lilinirudia kabla ya jua kutua.

Saa nne nilifika Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, ina buruji nne na handaki upande wa nchi kavu. Juu ya lango yapo maandishi ya karne ya 17 ambayo kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, anajisifu kwamba akiwa na umri wa miaka 27 aliirudisha pwani chini ya mfalme wake. Sababu ya majivuno hayo ni Sultani Yusuf bin Hasan. Huyu alichukuliwa angali mtoto baada ya baba yake kuuawa, akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akafundishwa mambo ya Kireno, kisha akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na Wareno wengi wakauawa. Mwaka uliofuata aliuacha mji akaenda baharini, na Wareno wakarudi.

Mzingiro mkubwa ulianza mwezi wa Machi mwaka 1696, Waomani walipoizunguka ngome. Ulidumu miezi 33. Ndani mlikuwamo Wareno, Wahindi, na Waswahili pamoja na wake zao na watoto wao. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Ulifika wakati ambapo makapteni walikuwa wamekufa, na ulinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu wachache. Mwezi wa Desemba mwaka 1698 Waomani walipanda ukuta, na waliobaki hai ndani walihesabika. Katika chumba cha makumbusho utaona vyombo vilivyotolewa baharini kutoka merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Baada ya hapo bendera zilibadilika mara kwa mara. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wamazrui, waliokuwa maliwali wa Omani, walijitawala. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa Uingereza aliipandisha bendera ya nchi yake, ikashushwa miaka miwili baadaye. Mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, wakaifanya ngome kuwa jela hadi mwaka 1958. Mwaka 1960 ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Lakini kitu kilichonishika zaidi humo kilikuwa picha zilizochorwa ukutani. Zilichorwa na askari au mabaharia wa Kireno ambao majina yao hayajulikani. Walichora merikebu, makanisa, samaki na watu, kwa rangi nyeusi na nyekundu, kama wanafunzi wachorao nyuma ya daftari mwalimu anapogeuka. Kapteni alichonga sifa zake langoni ili zisomwe daima, na watu hawa hawakutaraji kukumbukwa. Hata hivyo nilisimama mbele ya kazi yao muda mrefu kuliko nilivyosimama langoni.

Adhuhuri jua lilinishinda. Nilirudi vichochoroni nikitafuta kivuli, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani aliniona ninavyotweta.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Jua la kaskazi si la kushindana nalo."

Aliagiza maji, nikanywa. Nilimwuliza nyumba yake ina miaka mingapi, akacheka. "Wageni wote huuliza hivyo," alisema. "Msingi sijui ni wa nani. Kuta hizi alizijenga babu wa baba yangu. Roshani iliongezwa wakati wa reli. Paa nimelitengeneza mimi. Sasa nikupe miaka ya nani?"

Nilistaajabu, kwani nilikuwa nikidhani kwamba kila jiwe nililoliona lilikuwapo siku za Vasco da Gama. Mzee alinieleza, nami baadaye nimehakikisha kwa kusoma, kwamba nyumba nyingi zilizosimama leo katika Mji wa Kale zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Baadhi yake si wakubwa wa Nairobi ila kwa miaka michache, na nyingine ni wadogo wake. Mji uliochomwa mara nyingi haungeweza kuwa na nyumba za mwaka 1500. Kilicho cha kale ni njia, visima, misikiti, mtindo wa kujenga, lugha, na desturi ya kukaa barazani na kumkaribisha mgeni aliyechoka. Hapo ndipo daraja la Mostar liliponirudia.

Kisha uso wake ulibadilika akanionyesha dari. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. "Boriti za mikoko ni ghali, na ukataji wake una masharti," alisema. "Fundi anayejua kuchoma chokaa ni nadra, na kijana wa leo anajua saruji tu. Saruji na tumbawe hawapatani, ukuta hushika unyevu ukabomoka. Serikali ilitangaza mwaka 1990 kwamba mji huu ni wa kuhifadhiwa. Ni jambo jema. Lakini sheria haibebi boriti begani, mwanangu."

Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na kiwanja kitupu chenye majani na mawe. Alisema nyumba iliyokuwa hapo ilianguka wakati wa masika. Nyuma yake lilisimama ghorofa jipya la saruji. "Mwenyewe aliuza," alisema. "Simlaumu. Ana watoto wa kusomesha. Mimi pia wanangu huniambia tuuze, tukajenge bara, na kila mwaka huwaambia wangoje. Sijui nitawaambia hivyo mara ngapi tena."

Tulinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na huko kwenu Nairobi, mnahifadhi nini?"

Hii ilikuwa mara ya pili kuulizwa nikakosa jibu.

Jioni nilikaa juu ya ukuta unaotazama Bandari ya Kale, ambamo majahazi machache yalikuwa yamefunga kamba, nikaifikiri kazi ya mzee yule. Nilikumbuka jambo jingine linalowapasa wanafunzi walijue. Kwa muda mrefu vitabu vingi vilivyoandikwa na wageni vilifundisha kwamba miji ya pwani yetu ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na kwamba Waafrika walikuwa watazamaji tu. Uchimbuzi umeyabatilisha mafundisho hayo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walifuatilia misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, tangu ya miti na udongo ya karne ya 8 hadi ya mawe, katikati ya makazi ya wenyeji. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani, pamoja na Mtwapa iliyo karibu na Mombasa, baina ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kwamba watu wengi wao walikuwa na asili mbili, ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa baba. Basi mgeni alikuja kweli, lakini alikuta mama mwenye nyumba, na watoto wakasema lugha ya mama.

Unaona sasa, msomaji, kwa nini makosa ya mwanafunzi wa Kayole hayakuwa madogo. Yeye alitafuta ngome. Lakini ngome ya Mombasa ilitwaliwa na huyu na yule, na kila aliyeitwaa aliondoka. Waliobaki ni watu wa baraza, waliofagia majivu ya mwaka 1505, wa 1528 na wa 1589. Mtu akikufundisha kwamba historia ni ngome peke yake, amekufundisha habari za wapitaji akakuficha wakaao. Na watu wasiojua kwamba wana historia hawana neno la kusema siku mtu mwingine anapokuja kuamua juu ya ardhi yao, njia yao na nyumba zao.

Nilirudi Kayole baada ya siku nne. Nilitembea kutoka Junction kwenda nyumbani polepole kama nilivyotembea Ndia Kuu, nikauliza kila kitu kilichonipita. Mawe haya ya kijivu yalichimbwa wapi, na nani aliyachonga kwa nyundo? Machimbo yamo karibu nasi, nao waliochonga wako hai. Jina la Matopeni linatuambia nini juu ya ardhi hii kabla ya barabara? Jina la Soweto lilifikaje hapa kutoka mji wa Johannesburg, na watu waliolichagua walikuwa wameona nini maishani mwao hata wakajifananisha na watu wale? Katika sehemu hiyo wako wazee waliopewa viwanja baada ya makao yao ya kwanza mjini kubomolewa. Wao pia walifagia majivu yao wakajenga, kwanza kwa mabati, kisha kwa mawe. Na vijana wanaokaa ngazini jioni wakizungumza kwa lugha waliyoiunda wenyewe, wanakaa barazani, ingawa baraza yao ni ya saruji.

Nilimwita mwanafunzi yule nikamwambia, "Mwulize bibi yako alifika Kayole mwaka gani, alitoka wapi, alipanda nini, alibeba nini, na nani alimwuzia maji siku ya kwanza. Kisha waulize wengine watano maswali yayo hayo, ulinganishe majibu. Wakipingana, usiwachekee, andika kwamba wamepingana."

Baada ya wiki mbili aliniletea daftari. Kurasa sita zilikuwa zimejaa. Bibi yake alikuwa ameishi naye miaka yote bila ya kumsimulia, kwa kuwa hakupata kuulizwa. Mlikuwamo habari za godoro lililobebwa kwa mkokoteni, za kisima kilichokauka, na za mwanamke aliyewasomesha watoto chini ya mti kabla ya shule kujengwa. Mwanafunzi aliniambia kwamba wawili kati ya wazee aliokusudia kuwauliza walikuwa wamekwisha kufariki, mmoja mwezi uliotangulia.

Neno hilo la mwisho ndilo ninalokuachia, msomaji kijana. Mzee wa Mvita ana boriti zinazoliwa na mchwa, nawe unazo zako, nazo ni kumbukumbu za watu walioufanya mtaa wako. Hazingoji mpaka uwe msomi. Chukua kalamu leo jioni, kaa karibu na mtu mzima wa nyumba yenu, umwamkie kwa heshima, umwulize alifikaje hapa.